Kuchomwa mlango wa kizazi sio kuchomwa kizazi: mimba baada ya matibabu inakuaje?

Mdogo wangu alinipigia simu mwezi wa nne akiwa Kibaigwa, saa mbili usiku, anaongea kwa kunong'ona kama mtu aliyejificha jikoni. "Dada, leo nimepimwa ile ya siki, wamesema nina weupe weupe, wanataka nirudi alhamisi wanichome kizazi. Sasa si ndo basi tena? Mama mkwe akisikia je?" Kipimo chenyewe ni cha kutafuta dalili za mwanzo kabla ya saratani ya mlango wa kizazi. Ana miaka 31, ana mtoto mmoja na anataka wengine wawili.

Miaka saba nyuma mimi ndo nilikuwa nauliza hilo swali, na niliyemuuliza alinijibu "Mungu ni mwema", jibu zuri ila halikunisaidia kitu. Kwaiyo nikakaa chini nikamweleza, simu ikakata mara mbili kwa salio, na baadae nikaona bora niandike tu maana najua sio yeye peke yake.

Kiswahili chetu chenyewe kimetuponza hapa. Neno kizazi tumelibebesha mzigo, mfuko anaokaa mtoto ni kizazi, uwezo wa kuzaa ni kizazi, mpaka ukoo nao ni kizazi. Mtu akisema kafunga kizazi, katolewa kizazi, kasafishwa kizazi, kachomwa kizazi, sikio la mama mkwe linasikia kitu kimoja, huyu hazai tena. Wakati hao ni watu wanne tofauti kabisa. Wa kwanza kafungwa mirija, wa pili katolewa mfuko mzima, wa tatu kasafishwa mabaki baada ya mimba kuharibika, na wa nne mfuko wake haujaguswa, kaguswa mlango tu.

Chukua kibuyu cha maziwa, vile vya bibi zetu huku Ugogoni, kigeuze kichwa chini. Tumbo la kibuyu ndo mfuko wa uzazi. Ile shingo, ina sentimita tatu nne hivi, ndo mlango wa kizazi (wengine wanaita shingo ya kizazi, ni kitu kilekile), na mdomo wake unachungulia ukeni. Mayai na mirija viko huko juu, pembeni ya tumbo la kibuyu. Anayetibu weupe anashughulika na mdomo wa kibuyu, tena mara nyingi ngozi yake tu, milimita kadhaa.

Sasa shingo hii ina kazi gani? Mimba ikishaingia kazi yake ni kufunga. Inabaki ndefu na ngumu miezi yote hiyo na katikati panajaa ute mzito unaoziba, kama lile gunzi la mahindi tunalozibia kibuyu, wadudu wasipande juu. Siku ya uchungu ndo inalainika inafupika inafunguka. Kwaiyo kushika mimba kunategemea zaidi mayai, mirija na mbegu za baba, ila mimba kukaa mpaka itimie, hapo shingo inahusika sana. Ni maswali mawili, "nitashika?" na "itakaa?", na watu wanayachanganya yanakuwa woga mmoja mkubwa.

Huo weupe wenyewe ni nini. Kuna kirusi kinaitwa HPV, kinaambukizwa kwa kujamiiana na karibu kila mtu aliyewahi kujamiiana anakutana nacho wakati fulani, sio ushahidi wa umalaya wa mtu na tafadhali mume asianzishe kesi hapo. Wengi mwili unakifukuza wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Kikigoma kutoka kinaanza kubadilisha seli za mlango taratibu, na ukipaka siki (asidi ileile ya siki ya kachumbari, ya asilimia 3 mpaka 5) ukasubiri dakika moja hivi, sehemu yenye seli zilizobadilika inageuka nyeupe. Hiyo bado sio saratani. Kufika kwenye saratani kawaida inachukua miaka 15 mpaka 20, na kwa mwenye kinga dhaifu kama VVU isiyotibiwa inaweza kuwa 5 mpaka 10. Una muda, ila muda wenyewe sio wa kuuchezea.

Na kuna watu walishachezewa huo muda, ndo maana tunajua. Kule Auckland, New Zealand, kuanzia miaka ya 1960 kuna daktari mkubwa aliamini kwamba mabadiliko haya hata yale ya daraja la tatu, makali kuliko yote, hayageuki saratani, akawa anawaangalia tu wanawake bila kuwatibu ipasavyo. Walipokuja kuhesabiwa baadae, kati ya kila 100 walioachwa hivyo karibu 31 walikuwa wamepata saratani ndani ya miaka 30. Waliotibiwa vizuri hawakufika hata mmoja kati ya 100. Mimi hii namba ndo huwa nampa mtu anayeniambia "bora niache, nisije nikakosa kuzaa". Kwa sababu ukiacha ikawa saratani kweli, hapo ndo unapelekwa Ocean Road, hospitali ya saratani kule Dar, kwa mionzi au unatolewa mfuko mzima, yaani kile ulichokuwa unakiogopa ndo unakifuata kwa miguu yako. Tanzania tunapata wagonjwa wapya wa saratani hii zaidi ya 10,000 kila mwaka, na wengi wanafika imeshachelewa.

Haya, matibabu. Kuna kugandisha, manesi wanaita krayo, wanaweka chuma kilichopozwa na gesi ya mtungi kwenye mlango dakika tatu, wanaacha tano, wanarudia tatu. Kuna kuchoma kwa joto, siku hizi ndo imeenea mpaka vituo vya afya kwa sababu kifaa ni kidogo kinashikwa mkononi na kinaweza kutumia betri, kichwa chake kinafika nyuzi 100 na kinawekwa kwa sekunde chache tu, nusu dakika hivi, saa ingine wanarudia. Hizi mbili haziondoi nyama, zinaua ngozi ya juu yenye tatizo halafu inaota mpya. Zinafaa kama weupe hauingii ndani kwenye njia na haujafunika zaidi ya robo tatu ya mlango.

Weupe ukiwa mkubwa au umeingia ndani wanafanya lipu, unachomwa ganzi palepale na waya mwembamba wa duara wenye umeme unakata kipande, kinapelekwa maabara. Halafu kuna koni, hiyo ni ya kisu na ya chumba cha upasuaji, wanatoa kipande kama ncha ya pia ya kuchezea watoto, kikubwa zaidi. Siku hizi inafanywa pale panapokuwa na sababu maalum.

Mnaona tofauti? Wote hao mtaani wataitwa "waliochomwa kizazi". Mmoja kaunguzwa ngozi, mwingine kakatwa milimita 8, mwingine milimita 22. Ukiuliza "aliyechomwa anazaa?" bila kujua ni yupi kati yao, hata profesa atakudanganya.

Nianze na kushika mimba maana ndo linaloumiza roho. Tafiti zilizokusanywa na kulinganishwa hazijaonyesha kwamba waliotibiwa wanashindwa kushika mimba kuliko wengine. Tena kwenye mkusanyiko mmoja wa mwaka 2015 waliotibiwa walishika hata kidogo zaidi, sio kwamba lipu inaongeza rutuba, hapana msije mkaiombea, ni kwamba hakuna dalili ya kupungua. Njia za kuharibika zipo ila ni chache. Moja, mlango ukipona unaweza kukaza ukawa mwembamba mno, inatokea kwa wachache hasa waliokatwa sana. Dalili yake ni hedhi inayopotea au inatoka kidogo huku tumbo linakata vibaya kila mwezi, na inatibika, wanaupanua. Ya pili ni maambukizi baada ya matibabu yakaachwa mpaka yakapanda kwenye mirija. Hii ndo inayonipa hasira, kwa sababu wengi wanajitafutia wenyewe. Umeambiwa wiki nne usiingize kitu chochote ukeni, majimaji yatatoka, ni kawaida kabisa hasa ukigandishwa unaweza kutumia pedi mwezi mzima, sasa mtu anaona majimaji anasema ni uchafu anaanza kujiosha na ndimu, wengine shabu ya kukaza, wengine kuna unga sijui wa nani kauziwa pale sokoni. Acha. Kidonda kile ni kidonda. Ukiona homa, harufu mbaya, au damu nyingi kama bomba rudi kituoni siku hiyohiyo.

Na mwaka ukipita unajaribu bila mimba (miezi sita kama umefika 35), mpimwe wote wawili. Nasema wote wawili. Nimeshaona mwanamke kazungushwa hospitali miaka mitatu analaumiwa ile lipu yake, baba mwenye nyumba hajawahi kupimwa mbegu hata siku moja.

Sasa swali la pili, itakaa? Hapa sitawaficha, kuna jambo. Mwaka 2016 jarida la madaktari la Uingereza, lile British Medical Journal, lilitoa uchambuzi wa tafiti 71 zenye mimba zaidi ya milioni sita. Wanawake waliotibiwa mlango, kwa wastani 10.7 kati ya 100 walijifungua kabla ya wiki 37. Ambao hawakutibiwa ni 5.4. Yaani karibu mara mbili. Ukisikia "mara mbili" unashtuka, ila geuza hesabu: kati ya waliotibiwa 100, kama 89 walifika wakati wao. Halafu mimba kutoka katikati, ile ya miezi minne mitano, nayo inaongezeka kidogo ila bado ni wachache, chini ya wawili kwa 100. Na ndani ya wastani huo ndo kuna ile tofauti niliyosema ya nani kakatwa nini. Waliokatwa kina cha milimita 10 mpaka 12 au chini, ongezeko lao ni dogo. Waliokatwa zaidi ya milimita 20, hatari ilikaribia mara tano. Waliokatwa mara mbili nao ilipanda sana. Waliounguzwa au kugandishwa ongezeko ni dogo kuliko waliokatwa.

Kuna kitu kingine kwenye huo uchambuzi ambacho watu hawakitaji, wanawake wenye mabadiliko haya ambao hawakutibiwa kabisa nao walikuwa na njiti wengi kidogo kuliko wanawake wengine. Kwaiyo sio lawama zote ni za waya. Na namba nyingi hizi zimetoka Ulaya na nchi za wenzetu, hapa kwetu malaria, damu kupungua, presha na kubeba ndoo za maji kutoka mbali zinaingia pia kwenye hesabu ya mtoto kuwahi.

Nije kwangu. Mimi nilifanyiwa lipu hapa Dodoma mjini nikiwa na 27, hospitali siitaji. Dakika 15 nikawa nimeshuka kitandani, nikapanda daladala nikarudi nyumbani Nkuhungu, jioni nimepika mlenda. Baada ya miaka miwili nikashika mimba bila hata kuitafuta sana. Kliniki ya kwanza nesi akaniuliza, anajaza kadi hata haniangalii, "Umewahi kufanyiwa operesheni yoyote?" Nikasema hapana. Na sikuwa nadanganya! Kwangu operesheni ni kushonwa, ni mshono tumboni, kulazwa, watu kuja kukuona na machungwa. Mimi sina hata alama. Basi kadi ikaandikwa hapana na mimba ikahesabika ni ya kawaida.

Wiki ya 22 nikaanza kuhisi uzito huku chini, kama kitu kinasukuma, na ute umeongezeka. Shangazi akasema ni mtoto anakua. Nikaenda tu kwa wasiwasi wangu, daktari wa zamu ndo akauliza vizuri, "mlango wa kizazi umewahi kuguswa, kukatwa, kuchomwa?" Hee. Nikasema ndio. Akanifanyia altrasaundi ya kuingiza ukeni, sio ile ya juu ya tumbo, maana ya juu haipimi shingo vizuri. Shingo ilikuwa na milimita 19. Chini ya 25 kabla ya wiki 24 wanahesabu ni fupi. Nikaandikiwa vidonge vya projesteroni (homoni inayosaidia mimba kukaa) vya kuweka ukeni kila usiku, nikaambiwa dalili za kurudi haraka, na nikajifungua wiki ya 35 mtoto kilo 2.3, hakukaa hata kwenye chumba cha njiti zaidi ya siku mbili.

Tulipotaka kujua walinikata kiasi gani, mume akatumwa pale nilipofanyiwa. Karibu mwezi anazungushwa. Rejesta ikaja kupatikana, imeandikwa neno moja, lipu, na tarehe. Majibu ya maabara ya kile kipande, ambayo ndo huwa yanaandikwa ukubwa na kina, hayapo. Yaani namba moja iliyokuwa na maana kwa mimba yangu yote haikuwa popote duniani.

Ndo maana nikawa mkali kwa mdogo wangu kwenye hili. Kabla ya matibabu mwambie anayekutibu, kwa mdomo wako, "bado nataka kuzaa". Inabadilisha maamuzi kweli, maana anayekata anaweza kuchagua kipimo cha waya na kukata kinachotosha bila kupitiliza, na kwa binti mdogo chini ya 25 mara nyingi inawezekana kufuatilia tu maana mabadiliko mepesi mengi yanarudi yenyewe. Baada ya matibabu omba waandike ni njia gani, tarehe, na kama ulikatwa, kina ni milimita ngapi. Piga picha kwa simu. Jitumie mwenyewe wasapu, mtumie na dada yako. Na siku ya kwanza ya kliniki ya mimba usisubiri kuulizwa operesheni, sema.

Ukisema mapema kuna vya kufanya. Waliokatwa kina kirefu au zaidi ya mara moja wanapimwa urefu wa shingo kuanzia wiki ya 16 mpaka 24, kila baada ya wiki mbili tatu hivi. Ikifupika kuna hiyo projesteroni. Kuna na kushonwa mlango, uzi unazungushwa shingoni kama kamba ya mdomo wa gunia, kwa waliowahi kupoteza mimba za katikati mara nyingi inafanywa wiki ya 12 mpaka 14, na uzi unatolewa wiki ya 36 au 37 ili mtoto apite. Haishonwi kila mtu aliyetibiwa, tena kushona bila sababu nako kuna madhara yake. Na uchungu ukija mapema, hospitali ikijua unaandaliwa sindano za kukomaza mapafu ya mtoto kabla hajatoka. Kwa Dodoma mambo kama haya ya altrasaundi ya ndani na kushona unaelekezwa hospitali ya rufaa ya mkoa au Benjamin Mkapa, kwaiyo kama unaishi Bahi ndani ndani au Kondoa vijijini jipange na nauli mapema, sio wiki ya 30.

Kujifungua je? Njia ya kawaida tu. Kutibiwa mlango peke yake sio sababu ya kupasuliwa. Saa ingine kovu linafanya mlango uchelewe kufunguka mwanzoni halafu ukifunguka unakwenda mbio, mkunga akijua hilo hakuharakishi na hakushangai.

Usubiri muda gani kabla ya kushika? Nyama ya mlango inajijenga tena na inachukua kama miezi sita kurudi inavyoweza kurudi. Wengi watakwambia miezi mitatu mpaka sita, wengine wanapenda kwanza ufanye kile kipimo cha kurudia baada ya mwaka ili kujua kama imeisha. Kama umri unakukimbiza ongea na daktari, ila zile wiki nne za mwanzo kinachotakiwa ni kujizuia, na kama mwenzako hawezi kabisa kuvumilia basi angalau kondomu.

Na kama weupe umegundulika tayari una mimba, usiogope, kutibu kunasubiri ujifungue. Kwa miezi tisa mabadiliko haya hayakimbii hivyo, watakuangalia, watahakikisha sio saratani, halafu utapimwa tena wiki kadhaa baada ya kujifungua, na kuna wanaokuta umepungua. Kwa dada zangu wa CTC (kliniki ya VVU), kurudi kwa tatizo kwenu ni rahisi zaidi kwaiyo ile miadi ya kurudia msiikose. Kupima tena na tena ndo kunafanya ugundulike mdogo, ukatibiwa kidogo, shingo ikabaki.

Watoto wetu wa kike wao wameanza na chanjo, toka 2018 ilianza kwa wenye miaka 14 nchi nzima na 2024 ikafunguliwa kwa wote wa miaka 9 mpaka 14, dozi moja tu. Nayo imezushiwa kwamba inafunga kizazi. Neno lilelile tena, jamani.

Alhamisi mdogo wangu alikwenda. Wakamuangalia tena, weupe ulikuwa mdogo haujaingia ndani, wakamchoma kwa joto, anasema alisikia kama maumivu ya hedhi halafu nesi akamwambia vaa. Alimwomba aandike, nesi akacheka, "wewe ni wa kwanza kuniomba", akaandika nyuma ya kadi kwa kalamu nyekundu, njia, tarehe, hakukatwa. Picha ninayo kwenye simu. Usiku akanipigia tena, sauti ya kawaida sasa, mama mkwe hajui na hana haja ya kujua, alikuwa na swali moja limebaki, kesho ni zamu yake ya maji bombani, ndoo anaruhusiwa? Nikamwambia siku hizi chache za mwanzo mume abebe. Akasema huyo mume labda wewe ndo umwambie. Nikasema mpe simu, nikamwambia mwenyewe.